Kifua Wazi cha Agosti, Mkazi wa Februari

Kiangazi cha 2025 meya wa Les Sables-d'Olonne, mji wa pwani ya Atlantiki ambako huanzia mbio za mashua za Vendée Globe, alitangaza kwamba atakayekutwa akitembea mitaani kifua wazi au na nguo za kuogelea atatozwa faini inayoweza kufika euro 150. Siku hizo hizo serikali ya Ufaransa ilikuwa imeanza kuzuia uvutaji wa sigara ufukweni, faini yake euro 135. Habari hizo mbili zilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp zilikuwa zimeshashonwa pamoja na kuwa nguo moja: Ufaransa imewachoka wageni, sasa inawahesabia hata vifungo vya shati. Kuna waliocheka, kuna waliokumbushia marufuku ya burkini, vazi la kuogelea linalositiri mwili, na kuna ndugu mmoja anayetaka kwenda kufanya kazi huko msimu ujao aliyeuliza kama mambo ni salama kweli. Nadhani habari hii tumeisoma kichwa chini miguu juu.

Amri ya meya ni ya mji wake tu, haivuki hata mpaka wa mji wa jirani, sembuse kuwa sheria ya Ufaransa nzima. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ugomvi unaotokota kila kiangazi katika miji ya pwani ya Ufaransa hauko kati ya Mfaransa na mgeni. Uko kati ya anayeuona mji Agosti peke yake na anayeuona Agosti na Februari. Wageni waliohamia huko, wakiwemo Waingereza wastaafu, wapishi kutoka Afrika, wauguzi na wanafunzi, wamegawanyika pande zote mbili za mstari huo, na jambo linalowagusa kuliko yote ni nani analala wapi ikifika mwezi wa saba. Shati ni kelele za pembeni.

Mfano ninaoutumia ni Saint-Malo, mji wa ngome kaskazini mwa Bretagne, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, na jirani yake Dinard, ng'ambo ya mlango wa mto Rance, safari ya dakika kumi kwa boti. Aliyezaliwa Mombasa au Unguja akifika pale kinachomshangaza kwanza ni maji. Bamvua zetu ni mita nne hivi. Pale, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 13, na mwaka 1966 Wafaransa walifungua mlangoni mwa Rance kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji hayo. Kisiwa cha Grand Bé, alipozikwa mwandishi Chateaubriand, kinafikiwa kwa miguu maji yakipwa. Yakijaa, aliyechelewa kurudi anabaki na kaburi kwa saa kadhaa. Wenyeji wana kijitabu cha majira ya maji, kila siku ikiwa na namba yake kati ya 20 na 120 kuonyesha ukubwa wa kujaa na kupwa. Mwanamke wa Lubumbashi aliyekaa pale miaka mitano hukisoma bila kufikiri, na Mparisi aliyeshuka jana kwenye treni hajui hata kama kipo. Pasipoti haimsaidii mtu hapo. (Maji yenyewe, tusidanganyane, ni baridi: Agosti nyuzi 18 hivi. Watoto wa Kifaransa wanapiga mbizi wakishangilia. Mimi nilitia miguu nikaona inatosha.)

Miji hii haijawahi kuwa mali ya waliozaliwa humo peke yao. Dinard ya majumba juu ya majabali ilijengwa karne ya 19 kwa fedha za matajiri, Waingereza wakiwa mstari wa mbele, waliofuata hewa ya bahari. Kisha ikaja sheria ya Juni 1936 iliyompa mfanyakazi wa Ufaransa wiki mbili za likizo yenye malipo. Wiki ya tatu iliongezwa 1956, ya nne 1969, ya tano 1982, na kila nyongeza ilishusha umati mwingine ufukweni. Watu wa Julai na watu wa Agosti wana majina yao kabisa katika Kifaransa, na siku wanapopishana barabarani nchi nzima husikiliza utabiri wa foleni kama sisi tunavyosikiliza wa mvua. Saint-Malo yenyewe iliteketezwa kwa mabomu Agosti 1944, sehemu kubwa ya mji wa ndani ya ngome ikabaki vifusi, kisha ikajengwa upya jiwe kwa jiwe. Halafu Julai 2017 ilifunguliwa reli mpya ya mwendokasi kuelekea Bretagne, Paris ikasogea hadi saa mbili na kidogo. Miaka mitatu baadaye corona iliwafundisha watu kufanya kazi wakiwa mbali na ofisi, na ghafla chumba chenye dirisha la bahari kikawa ofisi ya mtu mwenye mshahara wa Paris. Anayetafuta aliyepandisha bei za nyumba aanzie hapo kabla ya kumnyooshea kidole Mwingereza.

Sasa kiangazi cha kila siku kwa mgeni anayeishi pale kikoje? Wanaokisimulia vizuri hawaanzii na ufukwe. Wanaanzia na Jumamosi asubuhi, magurudumu ya masanduku yakigonga mawe ya barabara, kundi moja likitoka na jingine likiingia, na vijisanduku vya funguo vyenye namba za siri vikining'inia kwenye kuta za majengo ambayo Februari hayana taa hata moja. Foleni ya duka la mikate inatoka nje na kupinda kona. Daktari hana nafasi, fundi bomba yuko likizo, kuegesha gari kunahitaji subira ya nabii, na kibali cha kuishi kinachokwisha mwezi wa nane kinakuwa fumbo kwa sababu nusu ya waliotakiwa kukishughulikia nao wako ufukweni mahali pengine. Shule zimefungwa tangu mwanzo wa Julai, watoto wako nyumbani. Mwezi wa sita jua huzama kama saa nne na robo usiku; Mwislamu anayefungua duka alfajiri anasubiri Isha hadi usiku wa manane, na hakuna anayemwonea huruma. Na juu ya yote, ndugu wanakuja. Ukiishi pwani ya Ufaransa, binamu wa Brussels, shemeji wa London na rafiki wa shemeji wote wanagundua mwezi wa sita kwamba walikuwa wamekukumbuka sana.

Hapo lugha yetu inajua jambo ambalo mjadala wa Ulaya unalipita. Neno mwenyeji kwa Kiswahili ni mtu wa mahali, na ni huyo huyo anayepokea wageni. Kifaransa kina kioja chake: hôte ni anayepokea na pia anayepokelewa, mpaka sentensi ikuambie ni yupi. Mgeni aliyehamia Saint-Malo hupita katika maana zote hizo kiangazi kimoja. Asubuhi ofisini ni mgeni anayeombwa karatasi. Mchana mtalii wa Lyon anamuuliza njia ya ngomeni naye anamwelekeza. Jioni anatandika godoro sebuleni kwa ajili ya watu wa kwao. Ukimtazama hivyo, kumhesabu upande wa watalii kwa sababu ya jina au rangi yake ni kukosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

Nimfikie mtu mmoja, kisha nirudi kwenye hoja. Nina rafiki, mzaliwa wa Mombasa, anayefanya kazi jikoni katika mji wa pwani hiyo. Tangu afike amehama nyumba tatu kwa miaka mitatu, na mara zote ni mwezi wa sita. Mwenye nyumba humpa mkataba wa miezi kumi, Septemba hadi Juni, na Julai ikikaribia chumba kile kile kinapangishwa kwa wiki kwa bei ambayo yeye angeilipa kwa mwezi. Kiangazi kilichopita alilala kwenye karavani ya kukodi katika uwanja wa kambi, kilomita kumi na kitu kutoka jikoni alikokuwa akiwapikia wapangaji wa chumba chake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mkataba wa mwezi mmoja hadi kumi usioweza kurefushwa uliwekwa na sheria ya 2018, kwa nia ya kuwasaidia wanafunzi, wanaojifunza kazi na vibarua wa msimu. Mwanafunzi naye ana mkataba wake wa miezi tisa. Sheria ni halali na nia ilikuwa njema, ila ukizipanga tarehe hizo kwenye kalenda ya pwani unaona mji unaowatoa wakazi wake nje kila Juni na kuwaomba wawe kazini Julai.

Hiki ndicho miji hiyo inachopambana nacho, na hapa ndipo hatua za maana zilipo, ingawa hazina picha ya kusambaza. Juni 2021 halmashauri ya Saint-Malo, kabla ya mji mwingine wowote wa Ufaransa, iliweka ukomo wa nyumba za kupangisha kwa watalii mtaa kwa mtaa: ndani ya ngome zisizidi asilimia 12.5 ya makazi, mitaa mingine chini ya hapo, na kibali kimoja tu kwa mtu mmoja, kwa miaka mitatu. Upande wa kusini, miji ya nchi ya Basque kuanzia Machi 2023 ilimtaka anayegeuza nyumba kuwa ya watalii atoe nyingine ya makazi mahali pake. Kisha ikaja sheria ya taifa ya 19 Novemba 2024 iliyoandikwa na wabunge wawili wa kambi tofauti, Annaïg Le Meur wa Finistère na Iñaki Echaniz wa Pyrénées-Atlantiques. Imepunguza nafuu ya kodi kwa wapangishaji wa watalii. Imeruhusu halmashauri kushusha siku ambazo mtu anaweza kupangisha nyumba anayoishi mwenyewe kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka, na katika baadhi ya maeneo kuamua kwamba majengo mapya yawe makazi ya kudumu tu. Tarehe 20 Mei 2026 iliwekwa kuwa mwisho wa kusajili kila nyumba ya aina hiyo nchini. Kodi ya makazi nayo, iliyofutwa kwa kila anayeishi nyumbani kwake tangu 2023, imebaki kwa nyumba za mapumziko, na miji yenye uhaba wa makazi inaweza kuiongezea hadi asilimia 60.

Wanaopinga wana hoja, na mbili kati ya hizo ni nzito. Ya kwanza ni kwamba mji wa pwani unakula kwa mkono wa mtalii. Mwuza samaki wa kuchoma, mwenye boti na mwenye duka la baiskeli hupata ndani ya wiki nane kinachowalisha wiki arobaini, na hoteli peke yake hazitoshi kuwalaza wateja wao. Hiyo ni kweli kabisa. Ila nyumba ya wiki moja inaleta mlaji na kumwondoa mpishi, kwa sababu ni kitanda kile kile. Mgahawa unaofunga siku mbili kwa wiki katikati ya Agosti kwa kukosa wahudumu hautaokolewa na watalii wengine mia. Hoja ya pili ni ya mtu aliyerithi nyumba ya bibi yake, hana uwezo wa kutengeneza paa, na kupangisha wiki sita ndiko kunakomzuia kuiuza kwa tajiri. Huyu namwonea huruma, na nikiri kwamba kibali kinachotolewa kwa asilimia ya mtaa kinaweza kumnyima yeye kwa sababu tu jirani yake aliwahi mlangoni. Ningeandika kanuni hizo mimi, mrithi wa nyumba moja angetangulia mbele ya mnunuzi wa uwekezaji.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iliyotufikia sisi: kwamba haya yote ni chuki kwa wageni. Ukomo wa Saint-Malo hauulizi uraia wa mwenye nyumba. Sehemu kubwa mno ya nyumba za mapumziko za Ufaransa, na nchini humo karibu nyumba moja kati ya kumi ni ya aina hiyo, ni mali ya watu wanaoishi Ufaransa kwenyewe, kwa hiyo anayeumizwa kwanza ni Mfaransa wa Rennes au wa Paris. Ufukwe wenyewe umekuwa mali ya umma tangu amri ya 1681 ya Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, na sheria ya pwani ya Januari 1986 inalinda njia ya kila mtu kuufikia. Hakuna hoteli inayoweza kukuonyesha kamba na kukuambia rudi, kama ilivyotokea mahali pengi kwenye fukwe za kwetu. Na pale wabunge walipotaka kuwatofautisha wageni, walitaka kuwapendelea. Katika muswada wa uhamiaji wa mwishoni mwa 2023 kiliingizwa kifungu cha kuwapa Waingereza wenye nyumba haki ya kukaa muda mrefu bila usumbufu wa viza. Baraza la Katiba lilikifuta tarehe 25 Januari 2024 kwa kuwa hakikuhusiana na muswada uliowasilishwa. Mwingereza mwenye jumba Dinard na asiye mkazi akabaki na siku zake 90 za kukaa bila viza katika kila siku 180, akizihesabu kwa vidole.

Burkini ni suala lingine, na nisilipitie juu juu. Kiangazi cha 2016 Cannes ilianza, miji kama thelathini ikafuata, kuwazuia wanawake wa Kiislamu kuingia baharini wakiwa wamejisitiri. Ile ililenga watu, wala haikuhitaji miwani kuiona. Lakini tarehe 26 Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya utawala, Conseil d'État, iliisimamisha amri ya Villeneuve-Loubet ikisema meya hana mamlaka ya kukata uhuru wa mtu pasipo hatari ya kweli kwa utulivu wa umma, na mwaka 2023 ikairudishia Mandelieu-la-Napoule jibu la namna hiyo hiyo. Ukilinganisha na 2025 unacheka na kuudhika kwa pamoja: miaka tisa kabla yake kosa lilikuwa kuvaa sana, safari hii ni kuvaa kidogo. Mameya wa zama zote mbili wanafanana katika jambo moja. Amri ya mavazi haigharimu chochote, inatoka kwenye habari za saa mbili usiku, na haimgusi mwenye nyumba kumi. Ndiyo maana nasema shati linatupoteza njia, sisi wasomaji wa mbali na wapiga kura wa pale pale.

Wapiga kura, hasa. Raia wa Umoja wa Ulaya anayeishi Ufaransa anapiga kura ya halmashauri. Waingereza walikuwa na haki hiyo hadi Brexit. Uchaguzi wa Machi 2020 uliwakuta wameshaipoteza, na zaidi ya 700 kati yao waliokuwa madiwani wakaondoka. Mkenya, Mkongo au Mkomoro asiye na uraia hajawahi kuwa nayo, licha ya Mitterrand kuiahidi alipogombea urais mwaka 1981. Upande wa pili, Mfaransa anayemiliki nyumba ya mapumziko na kulipa kodi za mji kwa miaka miwili mfululizo anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura pale badala ya anakoishi. Kwa hiyo katika kura inayoamua asilimia ngapi ya nyumba ziwe za watalii, sauti anaweza kuwa nayo mtu wa wiki tatu, na mpishi wa miezi kumi na miwili hana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale jembe limeshatolewa siku nyingi, na shamba linalimwa na wageni kwa kiasi kikubwa. Kwenye kikao cha kugawana mavuno ndiko hawana kiti.

Hili linabadilisha hata namna tunavyopaswa kuwashauri wanaotaka kwenda. Vikundi vya wageni katika miji hiyo, hasa vya Waingereza, vimetumia nguvu nyingi kupigania siku 90 za kukaa bila viza ziongezwe. Ni haki yao, ila kila siku inayoongezwa kwa nyumba ya msimu inamsaidia asiyekuwepo Februari, na Waingereza wenye kadi za kuishi, wanaopanga vyumba na kusomesha watoto pale, wanaanza kuona kwamba maslahi yao yako karibu na ya mpishi wa Mombasa kuliko ya mwananchi mwenzao mwenye jumba. Ndugu yetu anayeuliza kama ni salama ajibiwe kwamba ni salama, avae shati akitoka ufukweni, na kabla ya kusaini kazi aulize mkataba wa nyumba unaishia mwezi gani. Aulize pia kama mwajiri ana malazi, maana sasa wapo wanaolazimika kuyatafuta ili jiko lisifungwe. Na sisi tunaojua Lamu, tulioona nyumba za mawe zikinunuliwa moja moja mpaka vichochoro vizima vikawa na taa msimu wa watalii tu, tulikuwa na sababu ya kuielewa Saint-Malo haraka kuliko tulivyoielewa.

Rafiki yangu, mkataba wake wa sasa unaisha tarehe 30 Juni. Maboksi ameshaanza kuyaokota nyuma ya duka la mboga, na karavani ya mwaka jana imekwisha kukodiwa na familia ya watu wa Agosti.